Programu ya Kumsemea Mama

Mama alipoteza sauti Jumanne asubuhi, akiwa amesimama jikoni na sufuria ya chai mkononi. Mama mdogo, dada yake anayeishi ng'ambo ya ua wetu, ndiye aliyesikia sufuria ikianguka. Alipoingia alimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mdomo umevutwa upande mmoja, anamtazama tu. Mimi nilikuwa darasani mjini Kisii, mwaka wa pili wa diploma ya kompyuta. Nilipopigiwa simu nilitoka bila kuomba ruhusa.

Kiharusi, daktari akasema. Mkono wa kulia ulikuwa umelala na ulimi umekuwa mzito. Nilimuuliza kama bado anatuelewa, akanijibu mbele yake, tena kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo namshukuru mpaka leo.

"Anaelewa kila kitu. Maneno yapo kichwani, mdomo ndio umekataa. Msimfanye mtoto."

Tulimfanya mtoto. Lakini hilo nitalifikia.

Kwa Kigusii mama mzazi tunamwita *baba*, na baba tunamwita *tata*. Wageni wakitusikia huchanganyikiwa, kwa hiyo hapa nitaandika Mama. Nyumbani ni karibu na Birongo, lakini maisha ya Mama yalikuwa Keroka. Alikuwa na kibanda hatua chache kutoka stendi, na kazi yake ilikuwa kupiga taipu. Alianza na mashine ya chuma, ile ya kuvuta mkono ukifika mwisho wa mstari, kisha akanunua kompyuta na mashine ya fotokopi. Watu walimletea barua za kuomba kazi, mikataba ya kukodisha mashamba, wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini. Alipiga taipu bila kutazama vidole, huku akizungumza na mteja na kumkosoa. "Hapa umesema marehemu aliacha watoto saba, lakini majina ni manane. Wa nane ni wa nani?" Lori zilipita nje zikitikisa dirisha, naye hakukosea hata herufi.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Kibanda kile ndicho kilichotulea.

Aliporudi nyumbani kutoka hospitali, Mama hakuwa na njia ya kusema lolote. Alijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, zikatoka alama kama kuku amepita kwenye matope. Kwenye simu, kidole kilitetemeka kikagusa herufi tatu kwa pamoja. Hospitali ilitupa kadi yenye picha: kikombe, kitanda, choo, uso unaolia. Mama aliitazama, akaigeuza, akaisukuma chini ya mto. Kesho yake mama mdogo aliikuta kwenye kapu la maganda ya ndizi.

Jumapili moja mjomba alikuja, kaka yao mkubwa, mtu anayependa mambo yaishe upesi. Tulikaa sebuleni. Mama alikuwa kwenye kiti cha pembeni, shuka magotini.

"Kile kibanda kifungwe," mjomba akasema. "Mwenye nyumba ana mtu mwingine anayekitaka. Hata akipona, hataweza kazi ile."

Mama mdogo akasema ni kweli. Wakanitazama mimi, mtoto wa pekee. Nikatikisa kichwa kukubali.

Mama akapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Akapiga tena.

"Anataka maji," mama mdogo akasema. Mimi mwenyewe nikaenda kuyaleta.

Wiki ile ile chuoni tulikuwa tunajifunza kusoma herufi kutoka kwenye kibodi kwa lugha ya C. Ni somo dogo. Unaiambia programu isubiri, mtu anabonyeza herufi, programu inaipokea na kufanya jambo. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha nikitazama wingu likija kutoka upande wa Nyamira, ghafla nikamwona Mama kwenye kibodi. Vidole vitano vilivyobaki vilijua kila herufi ilipo. Ningemwandikia programu: akibonyeza M, maandishi makubwa yanajaza skrini, NAOMBA MAJI. Akibonyeza C, NATAKA CHAI. K ilikuwa ya choo, kwa maana ya kujisaidia. Nilitunga sentensi kumi na mbili. Ili asije akaletewa kitu kwa kidole kilichoteleza, programu ingemuuliza kwanza: Una uhakika? N kwa ndiyo, H kwa hapana.

Niliiandika kwa siku mbili. Ndiyo iliyokuwa mradi wangu wa muhula pia, na nakiri nilishajiona nikipigiwa makofi.

Ijumaa nilipanda matatu kwenda nyumbani na laptopu yangu kuukuu. Jumamosi asubuhi nikaiweka mezani mbele ya Mama, nikamweleza. Alisikiliza. Akainua mkono wa kushoto, na kabla sijamaliza kusema kidole kilikuwa tayari juu ya M. Akabonyeza.

Hakuna kilichotokea.

"Sasa bonyeza Enta," nikasema.

Akaitafuta Enta kwa kidole gumba, akaipata. Skrini ikaandika: NAOMBA MAJI. Una uhakika? Na hapo hapo, kabla hajagusa kitu kingine, ikaandika: Ombi limefutwa.

"Ngoja, Mama. Rudia."

Akabonyeza M, kisha Enta. Una uhakika? Ombi limefutwa.

Akarudia mara ya tatu, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. Ombi limefutwa.

Mama mdogo alikuwa ameegemea mlango na sahani ya mboga za *chinsaga* alizokuwa akichambua. "Kwani hiyo mashine yako inabishana na mgonjwa?"

Mama akanitazama. Nilitamani angenitukana. Alishusha mkono pajani, akageuza uso dirishani. Nikafunga laptopu, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye migomba nikiwa na hasira za kutaka kulia.

Niliipitia programu mstari kwa mstari na sikuona kosa. Swali la kwanza lilikuwa sawa, la pili lilikuwa sawa. Nilipoliendesha swali la pili peke yake lilisubiri jibu vizuri kabisa. Nilipoyaunganisha, la pili lilijijibu lenyewe. Niliandika upya na kubadilisha majina yote. Nikajaribu kumwomba Mungu pia. Umeme ukakatika saa tisa mvua ilipoanza, betri ikafuata, nikaachwa na kioo cheusi kilichonionyesha uso wangu.

Jumatatu nilimfuata mwalimu wa somo hilo. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mpole wa sauti, na alikuwa na tabia iliyotuudhi wote: hakuwahi kukupa jibu. Nilimwonyesha. Akaitazama skrini kwa muda mfupi mno.

"Mtumiaji wako amebonyeza vitufe vingapi?"

"Kimoja. M."

"Vingapi?"

"M na Enta."

"Basi amekupa herufi ngapi?"

"Moja, mwalimu."

Akatabasamu, akachukua daftari zake. "Hesabu tena," akasema, akaondoka.

Nilimchukia siku nzima. Mama yangu hana sauti, huyu ananipa vitendawili. Jioni nikaamua kuifanya programu ichapishe namba ya kila kitu inachopokea, maana ndani ya mashine kila herufi ni namba. Nikabonyeza M na Enta. Zikatoka namba mbili: ya M, na kumi. Kumi ndiyo namba ya kwenda mstari mpya.

Ndipo nikaelewa, na uelewa wenyewe ukanikasirisha zaidi. Enta nayo ni herufi. Mama alipobonyeza M na Enta, zote mbili zilipanga foleni. Swali la kwanza likachukua M likaridhika. Enta ikabaki imesimama pale. Swali la pili lilipofika mlangoni likakuta kuna mtu anasubiri, likamchukua yeye kama jibu. Si N, si H, kwa hiyo ombi limefutwa. Mashine haikuwa imekosea hata mara moja. Ilikuwa imemjibu Mama kwa uaminifu kwa neno ambalo hakujua amelisema.

Na dawa yake? Nafasi. Kwenye agizo la kusoma, kabla ya alama ya asilimia na c, unaacha nafasi moja tupu, kugusa mara moja kile kitufe kirefu. Nafasi hiyo inaiambia programu iruke Enta na nafasi zote zilizobaki njiani mpaka ikute herufi ya kweli. Siku tatu za maisha yangu, na uso ule wa Mama ulipogeukia dirishani, kwa sababu ya kitu ambacho hata hakionekani.

Nilimwambia mwalimu nimeona. "Vizuri," akasema tu.

Jumamosi iliyofuata swali la pili lilisubiri. Mama akabonyeza M, Enta, N, Enta, na mama mdogo akaleta maji kwa shangwe kama tuko harusini. Mama akanywa kidogo kwa heshima. Lakini niliona tatizo jipya. Kibodi ina Enta upande wa kulia kabisa, na Mama ana mkono wa kushoto tu. Kila mara ilimbidi ainue mkono mzima, auvushe, atue. Mara mbili aligonga kitufe cha jirani. Mara moja mkono ulianguka katikati ya herufi ukabonyeza sita kwa mpigo. Alitoka jasho. Vitufe vinne kwa kikombe cha maji! Angeweza kuonyesha jagi kwa kidole.

Nikaamua kuondoa Enta kabisa. Abonyeze herufi, programu iipokee papo hapo.

Katika maktaba ya chuo niliwahi kuona kitabu cha zamani cha C chenye mfano wa jambo hilo hasa, mstari mmoja tu. Nikaunakili. Mashine ikakataa, ikasema faili ninayoiomba haipo. Nikadhani nimekosea tahajia. Nikaomba laptopu ya mwenzangu mmoja, kwake ikakubali. Kurudi kwangu, ikakataa. Ilinichukua juma zima kugundua kwamba mfano ule ulikuwa wa aina nyingine ya mfumo wa kompyuta, na laptopu yangu, kwa uzee wake, ilikuwa imewekewa mfumo mwepesi zaidi usiojua mambo hayo. Juma lile nilikosa madarasa mawili, nikagombana na mwenye kuniazima laptopu, na nikamjibu mama mdogo vibaya kwenye simu aliponiuliza tu nimekula nini.

Nikarudi kwa mwalimu. Safari hii nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimwambia ukweli wote: programu hii ni ya nani, na kwa nini mkono ni mmoja. Alikuwa akifuta ubao. Akaacha.

"Kwa nini hukusema mwanzoni?"

"Ulikuwa hujauliza, mwalimu."

Akavuta kiti. Kwa mara ya kwanza alinieleza kitu moja kwa moja. "C haikusubirishi wewe. Kabla herufi haijaifikia programu yako, kuna mlinzi mlangoni, ule mfumo unaoendesha dirisha jeusi unaloandikia. Yeye hushika mstari mzima. Anakupa nafasi ya kufuta ukikosea. Akiona Enta ndipo anaufungulia wote upite. Kosa lako ni kugombana na programu. Zungumza na mlinzi."

Akaniandikia kwenye karatasi majina ya maagizo matatu ya kusoma. Nikasoma. Ilikuwa Alhamisi alasiri nilipofaulu kumwambia mlinzi yule aache kushika mistari, na asichapishe herufi zinazobonyezwa. Nikabonyeza M. NAOMBA MAJI, palepale, bila Enta. Nilicheka peke yangu maabara nzima ikageuka. Kisha nikafunga programu, nikataka kuandika agizo jingine, na kila nilichoandika hakikuonekana. Nikabonyeza kwa nguvu. Hakuna. Nikadhani nimeua laptopu. Kumbe nilikuwa nimemwambia mlinzi anyamaze na nikaondoka bila kumwambia aanze kuzungumza tena. Nalo likachukua jioni yake.

Nilipompelekea Mama toleo hilo, lilimjibu haraka mno. Vidole vyake vilivyokakamaa vilikawia kuinuka, na kitufe kikishikiliwa kinarudia. Skrini ikaomba maji mara tisa. Mama mdogo akatoka jikoni mbio. "Kuna nini? Anaungua?"

Nikarekebisha na hilo, programu ikapuuza marudio. Sasa ilikuwa tayari. Naweza kusema bila kujisifu kwamba ilikuwa nzuri: M, kisha N, na maji yanakuja. Mkono haukuvuka kwenda popote. Nilimwonyesha mara mbili, tatu, nikakaa kando yake nikingoja furaha yake.

Mama aliitazama orodha ya sentensi zangu kumi na mbili. Aliisoma yote kwa utulivu kutoka juu hadi chini, macho yake yakitembea kama alivyokuwa akisoma rasimu za wateja. Chini kabisa nilikuwa nimeandika: Q kwa kufunga. Akabonyeza Q.

Programu ikafungika. Pakabaki dirisha jeusi na kialama kinachowaka na kuzimika.

"Umekosea, Mama, ngoja niifungue tena," nikasema, nikanyoosha mkono.

Akanipiga kofi mkononi. Si kwa nguvu, lakini lilikuwa kofi.

Kisha akaanza kuandika. Kidole kimoja, polepole, na kila herufi ilitokea pale alipoitaka. S. I. T. A. K. I. Akagusa nafasi. C. H. A. I. Halafu akainua mkono wake wa kushoto, akauvusha juu ya kibodi yote, bila haraka, akatua kwenye Enta.

Mashine ikamjibu kwa Kiingereza kwamba haijui amri inayoitwa *sitaki*.

Mama mdogo, ambaye hajui Kiingereza sana, akauliza, "Inasema nini?" Mama hakungoja nimjibu. Akaendelea. Ilichukua muda mrefu, pengine dakika tano nzima, na alipokosea alirudi nyuma akafuta, akaandika tena. Nilijishika mikono.

nani alisema kibanda changu kifungwe

Enta. Mashine ikasema haijui amri inayoitwa *nani*.

Mimi nililijua jibu. Mama mdogo hakuziona vizuri herufi zile ndogo, akanigeukia nimsomee, nami nikamsomea. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akavua kilemba, akakivaa tena.

"Dada, tulidhani..." akaanza.

Mama alikuwa tayari anaandika.

sikutaka maji

Nilitoka nje. Nilikuwa nimekesha na sentensi zile kumi na mbili, nimezipanga kwa herufi, nimezipa alama za mshangao. Maji, chai, choo, blanketi, dawa, funga mlango, fungua mlango. Sikuwa nimeweka hata moja inayouliza swali. Sikuwa nimeweka inayokataa. Nilikuwa nimehangaika mwezi mzima kuondoa Enta kwa sababu mkono wake ulitetemeka ukivuka, bila kumuuliza kama anataka iondolewe. Miaka yote ile ya mashine ya chuma alikuwa amevuta ule mkono mwisho wa kila mstari. Alijua kuumaliza mstari wake mwenyewe. Alichohitaji kutoka kwangu ni ukurasa mtupu na herufi kubwa, na kitu hicho kilikuwamo ndani ya laptopu tangu siku niliyoinunua.

Nilimpigia mjomba. Akasema tumechelewa, mtu mpya ameshaingia kibandani, na vitu vya Mama viko stoo kwake Keroka vimefunikwa turubai. Akauliza kwa mshangao, "Amesema mwenyewe?"

"Ameandika."

"Kwa mashine yako ile?"

"Bila mashine yangu ile," nikasema, na hakuelewa.

Mama alitaka kwenda kuona. Aliandika hivyo mara nne siku tatu mfululizo, mpaka jirani mwenye gari akakubali kutupeleka siku ya soko. Keroka ilikuwa na fujo yake ya kawaida, lori zimesimama pande zote mbili za barabara ya Kericho, wanawake na mikungu ya ndizi, wapiga debe wakiita Kisii Kisii. Jirani akasimamisha gari mkabala na kibanda. Rangi ya kijani ya Mama ilikuwa imefunikwa kwa buluu. Mlangoni walikuwa wametundika mabuti ya mpira na makoti ya mvua. Kijana mwenye duka alitupungia mkono akidhani ni wateja.

Mjomba akaja akainama dirishani. "Dada yangu, ilikuwa kwa ajili yako. Ulikuwa mgonjwa. Tungefanya nini?"

Laptopu ilikuwa magotini kwa Mama. Nilikuwa nimemfungulia ukurasa mtupu, herufi kubwa kama za bango. Akaandika. Mjomba alingoja ameinama, jua likimpiga kisogoni, watu wakimsukuma wakipita. Kila aliponyanyuka kidogo kupumzisha mgongo, Mama alimtazama, naye akainama tena.

mngeniuliza

Mjomba alisoma. Akatazama kile kibanda, akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyeandika. "Ni kweli," akasema. "Ni kweli, dada." Kibanda hakikurudi. Mama hakulia; aliandika kwamba ile buluu ni mbaya, kisha akaashiria twende.

Na mimi alininunia juma zima. Nilistahili. Kila nilipompelekea chai aliipokea bila kunitazama, na nilipojaribu kumweleza kwamba siku ile sebuleni nilikuwa nimechanganyikiwa, aliandika: ulitikisa kichwa nilikuona.

Mwisho wa muhula nilionyesha mradi wangu. Mwalimu aliipitia programu yote, namna ya kupokea herufi, namna ya kumrudisha mlinzi kazini ukimaliza, namna ya kupuuza marudio. Akasema kazi ni safi. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa.

"Mama anaitumia?"

"Hapana, mwalimu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza kuhusu Q. Akanipa alama za wastani, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba nilianza kuandika kabla ya kujua mtumiaji anataka kusema nini. Nilikasirika sana. Nilikuwa nimepigana na kila herufi mwezi mzima, nimejua mambo ambayo hakuna mwenzangu darasani aliyeyajua, halafu wastani. Mwenzangu aliyeandika kikokotoo kilichonakiliwa alipata zaidi yangu. Nilitaka kwenda kubishana, nikafika mpaka mlangoni kwa mwalimu. Kisha nikafikiria nitamwambia nini.

Sasa Mama ana kompyuta yake ile ya Keroka, tumeiweka chumbani karibu na dirisha. Sauti inarudi kidogo. Anaweza kusema *yaya*, hapana kwa Kigusii, na analisema mara nyingi. Mkono wa kulia bado. Wateja wameanza kuja tena. Juma lililopita alikuja mama mmoja kutoka upande wa Nyamache anayetaka barua kwa chifu kuhusu mpaka wa shamba lake na shemeji yake. Alikaa kwenye kitanda, akaeleza. Mama akaandika kwa kidole kimoja.

Nilikuwa nimekaa pale pale. Barua ya nusu ukurasa. Mimi ningeimaliza wakati chai inachemka. Mama aliianza baada ya kifungua kinywa, na mpaka mama mdogo anatuita tule chakula cha mchana alikuwa kwenye aya ya pili. Alisita, akarudi nyuma, akafuta neno zima kwa sababu ya herufi moja. Mgeni hakuwa na haraka. Alikuwa anasimulia shemeji yake alivyong'oa alama za mpaka. Mimi ndiye niliyekuwa nikiumia. Niliona kosa kwenye mstari wa tatu, nikanyoosha kidole kulionyesha.

"*Yaya*," Mama akasema.

Nikarudisha kidole. Alikuwa ameshaliona. Alifika mwisho wa mstari, akainua mkono wa kushoto, akaanza kuuvusha kuelekea Enta.